Hesabu inayowatoa jasho wanafunzi wetu Marekani

Je, mwanao amepata barua ya kukubaliwa katika chuo cha Marekani? Hongera. Hapana shaka nyumbani kwenu shughuli ni nyingi wakati huu. Kuna pasipoti, kuna siku ya kuhojiwa ubalozini Gigiri, kuna mkutano wa harambee Jumamosi ijayo. Mjomba ameahidi nusu ya tikiti na shangazi anazunguka Gikomba akitafuta koti zito la baridi. Katika pilkapilka zote hizo, kuna jambo moja ambalo ni nadra kulisikia likitajwa. Jambo hilo ni hesabu.

Wazazi wengi huamini kwamba kijana aliyepita KCSE ameshamalizana na somo hilo, hasa kama anakwenda kusomea biashara au uuguzi. Ukweli ni kwamba katika vyuo vingi vya Marekani, mwanafunzi wa shahada hutakiwa kupita angalau somo moja la hesabu, hata awe anasomea historia au muziki. Na kwa yule anayetaka uhandisi, kompyuta, fizikia au uchumi, kuna mlango ambao ni lazima aupite kabla ya kuingia sebuleni. Somo hilo la mlangoni huitwa Precalculus Algebra, yaani aljebra inayotangulia kalkulasi.

Ni somo ambalo limewafanya vijana wengi waliokuwa hodari shuleni kukuna vichwa usiku wa manane. Tena limewagharimu wazazi pesa ambazo hawakuzipangia. Kwa hivyo ni vyema wewe na mwanao mlifahamu mapema, kabla sanduku halijafungwa.

Ni somo gani hili?

Tuchukue mfano wa jimbo la Florida, ambako vyuo vya umma hutumia nambari za aina moja kwa masomo yao. Huko, aljebra ya chuo ni MAC 1105. Aljebra inayotangulia kalkulasi ni MAC 1140. Trigonometria ni MAC 1114, nayo kalkulasi ya kwanza ni MAC 2311. Ukizipanga nambari hizi utaona ngazi. Anayeanzia chini ana vipawa kadhaa vya kupanda kabla ya kuifikia kalkulasi, na kila kipawa kina karo yake na muhula wake wa karibu miezi minne.

Ndani ya somo lenyewe mna mambo ambayo mtoto aliyesoma chini ya mfumo wa 8-4-4 ameyaona. Kuna milinganyo ya kipeo cha pili, grafu, logi, matriksi, mifuatano ya namba na upanuzi wa mabano yenye vipeo vikubwa. Mengi ya hayo hufunzwa katika kidato cha pili na cha tatu. Hata kalkulasi yenyewe huonjwa katika kidato cha nne. Basi kwa nini somo hili liwatoe jasho watu waliokwisha kulisoma?

Sababu ya kwanza ni kutu. Mtihani wa KCSE humalizika mwezi wa Novemba. Muhula mkuu wa vyuo vya Marekani huanza mwishoni mwa Agosti. Kwa hivyo hata yule anayeondoka upesi kabisa hukaa miezi tisa bila kushika kalamu ya hesabu. Wengi hukaa mwaka mzima au miwili wakitafuta karo na viza. Panga la mkulima lisipotumika miezi tisa hushika kutu, seuze logi.

Sababu ya pili ni namna ya kufikiri. Shuleni, mtoto wetu huzoea kuambiwa atafute jibu. Katika somo hili ataulizwa mara kwa mara maswali ya aina nyingine: hii grafu inaelekea wapi namba zikizidi kuwa kubwa? Ni namba gani ambazo haziruhusiwi hapa, na kwa nini? Kitu kinachochunguzwa muhula mzima ni kile wanachokiita fankisheni.

Usiogope neno hilo. Fikiria mashine ya kusaga mahindi pale sokoni. Unatia mahindi, unatoka unga. Ukitia gorogoro moja leo na gorogoro moja kesho, utapata unga kiasi kile kile. Fankisheni ni mashine ya namna hiyo, isipokuwa inasaga namba. Tuseme kazi yake ni kuzidisha kwa 2 kisha kuongeza 3. Tia 5, itatoka 13. Tia 10, itatoka 23. Ukitaka kurudi nyuma kutoka 13 hadi 5, unatengua hatua kwa kinyume: unaondoa 3 kwanza, kisha unagawanya kwa 2. Na kama vile mwenye mashine asivyokubali utie mawe, kuna namba ambazo fankisheni fulani hazikubali. Ile inayogawanya haikubali kugawanya kwa sufuri. Ile ya kipeuo cha pili haikubali namba hasi, maadamu tumo katika namba za kawaida.

Mtihani wa kupangwa

Mwanao akifika chuoni, au hata kabla hajaondoka nyumbani, huenda akatakiwa kufanya mtihani wa kupima kiwango chake ili apangiwe darasa. Mmoja unaotumiwa na vyuo vingi ni ule uitwao ALEKS. Hufanywa kwa kompyuta. Una maswali yasiyozidi 30 na alama zake ni kutoka sufuri hadi 100. Maswali hubadilika kulingana na majibu ya mtahiniwa. Kila chuo hujiwekea alama yake ya kuingilia kila darasa.

Hapa ndipo vijana wengi hujikwaa. Huambiwa kwamba mtihani huo haumfelishi mtu, nao wakauchukulia kama mchezo. Wengine huufanya usiku, wamechoka, simu iko mkononi. Ni kweli kwamba haufelishi. Lakini ukikuweka vipawa viwili chini ya pale unapostahili, utalipa karo ya mihula miwili kujifunza yale uliyofunzwa na mwalimu wako wa kidato cha tatu.

Kwa bahati nzuri, vyuo vingi huruhusu mtihani huo kurudiwa baada ya muda, na programu yenyewe humwonyesha mwanafunzi mahali alipokosea na kumpa mazoezi. Kwa hivyo mwambie mwanao afanye marudio kwa wiki kadhaa kabla ya kuketi. Asisaidiwe na mtu. Asibahatishe pia, kwani mna mahali pa kubonyeza kusema hajui. Kubahatisha na kusaidiwa ni kujitia katika darasa ambalo maji yake yanazidi kimo.

Na maji kuzidi kimo si mzaha. Mwanafunzi mgeni mwenye viza ya F-1 anayesomea shahada ya kwanza anatakiwa kuwa na angalau saa 12 za masomo kila muhula. Wengi hujiandikisha kwa saa hizo 12 kamili ili kupunguza karo. Sasa tuseme hesabu imemlemea, naye ni somo la saa tatu. Akiliacha katikati ya muhula, anabaki na saa tisa, na hapo hadhi yake ya viza inaingia hatarini. Akiling'ang'ania na kupata F, wastani wake wa alama unaporomoka, na pengine ufadhili unaondoka nao. Kule nyumbani, waliochanga kwenye harambee wanadhani mambo ni shwari.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sheria ya uhamiaji ya Marekani imefikiria hali hiyo. Mwanafunzi aliyewekwa katika darasa lisilo la kiwango chake, au anayetatizwa na mbinu za ufundishaji alizozikuta huko, anaweza kuruhusiwa kupunguza masomo kwa muhula, mradi asishuke chini ya nusu ya mzigo wa kawaida. Lakini ruhusa hiyo ni lazima itolewe na afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni kabla somo halijaachwa. Anayeacha kwanza kisha akaenda kueleza amechelewa. Mkariri mwanao jambo hili kabla hajapanda ndege.

Nyufa za zamani

Ukiwauliza wanaofundisha somo hili ni nini hasa huwaangusha wanafunzi, watakwambia ni makosa madogo ya miaka mingi. Logi na matriksi huja nyuma ya hayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika hesabu nyufa huanza darasa la sita.

Ufa wa kwanza ni sehemu. Kuna watu wazima ambao wakiambiwa wajumlishe nusu na thuluthi, hujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wakapata mbili kwa tano. Lakini mbili kwa tano ni pungufu ya nusu! Utaongezaje mkate juu ya nusu mkate halafu ubaki na pungufu ya nusu? Jibu sahihi ni tano kwa sita.

Ufa wa pili ni mabano. Mwanafunzi huona a na b zimejumlishwa ndani ya mabano, kisha zimepewa kipeo cha 2, naye huandika kipeo cha a kujumlisha kipeo cha b, basi. Ajaribu kwa 3 na 4. Ndani ya mabano ni 7, na 7 mara 7 ni 49. Akifuata njia yake ya mkato atapata 9 na 16, ambazo ni 25. Hizo 24 zilizopotea zimekwenda wapi? Ni 3 mara 4, maradufu. Asiyeziona hawezi kuyatatua maswali ya nusu ya kwanza ya muhula.

Ufa wa tatu ni kufuta ovyo. Akiona x kujumlisha 6, yote yakigawanywa kwa 6, hupiga mstari juu ya 6 zote mbili na kubaki na x. Aweke 12 mahali pa x. Jumla ni 18, na 18 kwa 6 ni 3. Yeye kabaki na 12.

Umeona dawa iliyotumika mara zote tatu? Tumetia namba halisi mahali pa herufi na kujikagua. Ni desturi ndogo isiyogharimu hata senti, na inaweza kumwokoa mwanafunzi ndani ya chumba cha mtihani ambamo hamna wa kumnong'onezea.

Ya shamba na ya chama

Huenda wewe msomaji unajiuliza, haya yote yanamfaa nani? Hebu tutazame mawili.

Una waya wa mita 100 na unataka kuzungushia bustani ya mboga ya pembe nne mraba au mstatili. Utaipimaje ili upate eneo kubwa kabisa? Ukifanya urefu mita 40 na upana 10, eneo ni mita 400 za mraba. Ukifanya 30 kwa 20, ni 600. Ukifanya 25 kwa 25, ni 625, na hapo ndipo kilele. Waya ni ule ule, lakini umepata nafasi ya sukuma wiki zaidi kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na ile ya kwanza. Katika aljebra hii mwanafunzi hujifunza kukipata kilele hicho kwa mlinganyo wa kipeo cha pili, bila kujaribu namba moja moja. Baadaye, katika kalkulasi, atakipata kwa njia nyingine iliyo fupi na yenye nguvu zaidi. Ndiyo sababu somo moja linatangulia jingine.

La pili ni la chama. Mmeweka Sh10,000 mahali panapotoa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, nayo riba inazaa riba. Pesa zitaongezeka maradufu baada ya miaka mingapi? Wengi watasema miaka 10. Mwisho wa mwaka wa saba zitakuwa takriban Sh19,487, na mwisho wa mwaka wa nane takriban Sh21,436. Kwa hivyo ni miaka saba na kidogo. Kuupata huo muda kwa hatua moja, unahitaji logi, zile zile zilizokuwa zikikusumbua katika kitabu cha majedwali. Na kumbuka kwamba deni nalo hukua kwa njia hiyo hiyo. Anayezielewa logi hadanganywi kirahisi na mkopeshaji.

Saa za wiki

Huku kwetu, mwanafunzi amezoea mtihani mmoja mkubwa wa mwisho. Anaweza kulegea muhula mzima, halafu akakesha wiki mbili akajikomboa. Marekani mambo ni tofauti. Anayefundisha ndiye anayetunga mtihani na kutoa alama. Kazi za nyumbani huhesabiwa. Majaribio madogo huhesabiwa. Kuna mitihani mitatu au minne kati ya muhula, kisha wa mwisho. Aliyelala Septemba hawezi kuamka Desemba.

Kanuni inayotajwa sana vyuoni humo ni kwamba kila saa moja darasani idaiwe saa mbili za kujisomea. Haya, tupige hesabu. Saa 12 za darasa, ongeza 24 za kujisomea, ni 36 kwa wiki. Viza ya F-1 inamruhusu mwanafunzi kufanya kazi ndani ya chuo kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Akizijaza zote, amefika 56, na hajapika, hajafua, hajalala. Kwa hivyo unapompigia simu ukimwuliza mbona hajatuma chochote nyumbani, kumbuka hesabu hii.

Mlango wa mhadhiri

Kuna kikwazo kingine ambacho hakimo vitabuni, nacho hutokana na malezi yetu mema. Tumewafundisha watoto kumheshimu mwalimu. Kijana wetu haingii ofisi ya mwalimu ila ameitwa, na akiitwa huingia moyo ukimdunda. Huko aendako, mhadhiri hutangaza saa ambazo ataketi ofisini akingoja wanafunzi waje na maswali. Asipokuja mtu, hudhani wote wameelewa. Hamna heshima inayovunjwa kwa kubisha hodi mlango huo. Asiyeuliza hana ajifunzalo. Aidha, vyuo vingi vina chumba maalum cha hesabu ambako wanafunzi husaidiwa bila malipo ya ziada.

Maneno nayo hutatiza. Mwalimu wetu husema "gradient", wao husema "slope". Sisi tunasema "indices", wao "exponents". Sisi "surds", wao "radicals". Kijana anaweza kukosa swali analolijua kabisa kwa sababu ya jina tu. Aanze kuyazoea angali nyumbani.

Na hilo halihitaji pesa. Chuo Kikuu cha Rice, kule Texas, kina mradi uitwao OpenStax ambao hutoa vitabu vya chuo bure kwenye intaneti. Kitabu chao cha Precalculus kilitoka mwaka wa 2014 na kile cha College Algebra mwaka wa 2015. Mwanao anaweza kukipakua leo. Saa moja kila asubuhi kwa miezi mitatu, akianza na sehemu, vipeo na mabano, itamfikisha chuoni akiwa na panga lililonolewa.

Ulizeni kwanza

Kabla ya yote, ulizeni chuo shahada yenyewe inadai hesabu gani. Si kila mtu anayehitaji njia ya kalkulasi. Kozi nyingi za uuguzi na za sayansi ya jamii hutaka takwimu, na anayejitwika aljebra hii bila kuihitaji amelipia mzigo usio wake. Upande wa pili, anayetaka uhandisi asikubali kupitishwa njia rahisi ya hesabu isiyofika kwenye kalkulasi, kwani atalazimika kurudi njia panda baadaye.

Na ikiwa, baada ya marudio ya kweli, mtihani wa kupangwa utasema aanzie kipawa cha chini, asione haya, nawe mzazi usimwonee haya. Shida si kuanzia chini. Shida ni kuanzia juu kwa sababu ya macho ya watu, kisha kuanguka mbele ya macho hayo hayo. Aliyepata alama nzuri katika aljebra muhula wa kwanza huingia kalkulasi akiwa na miguu imara. Aliyeruka huingia akipepesuka.

Basi katika ule mkutano wa Jumamosi, baada ya koti na tikiti kujadiliwa, mzee mmoja asimame aulize: "Na hesabu je, kijana? Umeanza kujinoa?" Pengine watu watacheka. Kijana akitoa daftari lililojaa mazoezi, mtakuwa mmejua pesa zenu zinakwenda mahali pema.